Helikopta ya rimoti inapotikisika: tafuta ugonjwa kabla ya kununua kipuri

Kijana mmoja alinijia nyumbani hapa Malindi na helikopta yake imeviringishwa kwenye taulo, na mfuko wa vipuri vipya mkononi: kichwa cha alumini kinachong'aa, mapanga ya kaboni, sevo ya mkia, yaani mota ndogo inayosukuma fimbo, na jairo mpya, kile kihisi kinachouzuia mkia usigeuke wenyewe. "Mjomba," akaniambia, "nimebadilisha kila kitu na mkia bado unatingisha." Nilishika kitovu cha panga la mkia kwa vidole viwili, nikakisukuma juu na chini taratibu. Kilicheza kama jino bovu. Tulipoifungua nyumba ya gia ya mkia, beringi mbili za shafti zilitoka na unga mwekundu wa kutu. Chumvi ilishamaliza kazi yake. Tukatia beringi mpya, tukarudisha hata jairo yake ya zamani, na mkia ukasimama kimya.

Kisa hiki nimekiona kwa watu wengi, na mimi mwenyewe nilishapita njia hiyo. Helikopta ikiumwa, mkono unakimbilia pochi. Lakini kipuri cha bei kubwa kikifungwa juu ya ugonjwa, kinauficha tu, na baadaye unashindwa kujua tatizo ni la zamani au ni la kipuri kipya. Kwa hiyo nina mpangilio mmoja ninaoufuata kwa kawaida: mitambo kwanza, umeme wa pili, mipangilio ya jairo na rimoti ya tatu, na kuboresha mwisho kabisa.

Vipimo nitakavyotaja ni vya helikopta ya ukubwa wa 450, yenye mapanga makuu ya milimita 325, betri ya seli tatu ya 2200 mAh, mota ya mizunguko kama 3500 kwa kila volti, na gia kuu ya meno 150. Kama yako ni ndogo zaidi, namba zitabadilika lakini ugonjwa ni ule ule. Nikisema "sahani" namaanisha ile sahani ya chini ya kichwa inayoinamishwa na sevo tatu. "Kiungo cha gololi" ni kile kipande cha plastiki kinachobanwa juu ya kigololi cha chuma mwisho wa kila fimbo. "Kidhibiti mwendo" ni kile kisanduku kati ya betri na mota.

Kabla hujagusa kitu, chomoa waya mbili kati ya tatu za mota. Kichwa kikizunguka mara 2600 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda karibu mita 95 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Panga hilo halijui kama wewe ni fundi. Na ukienda kurusha, watoto watakuja mbio, ndiyo desturi ya pwani yetu. Waweke nyuma yako, mita kumi au zaidi, na mmoja mkubwa awashike wenzake. Mimi sirushi kwenye ufuo wa mjini hata kukiwa kitupu, kwa sababu uwanja wa ndege uko pale pale na ndege hushuka chini sana. Tena chombo kisicho na rubani kina kanuni zake Kenya tangu 2020, na wa kuulizwa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Tunavuka daraja la Sabaki, tunatafuta uwanda mtupu upande wa Mambrui, na tunamwomba ruhusa mwenye ardhi.

Mwili mzima unatetemeka

Kwanza jua mtetemo ni wa aina gani. Kichwa kikienda 2600 kwa dakika ni mizunguko 43 kwa sekunde, na mtetemo wake ni mnene: miguu ya helikopta inacheza, betri inatikisika. Mkia unazunguka zaidi ya mara nne ya kichwa, kwa hiyo mtetemo wake ni mwembamba, kama wa nyuki. Utauona kwenye pezi la mkia: kingo zake zinakuwa mbili-mbili au zinafifia. Ukishajua ni mnene au mwembamba, umeshaondoa nusu ya sehemu za kutafuta.

Ukiwa huna uhakika, toa mapanga makuu na ya mkia, rudisha waya za mota, washa polepole kwa sekunde chache tu. Usiiache mota ipande kasi, maana bila mapanga mota haina mzigo. Kama mtetemo bado upo, chanzo ni mota, gia, au shafti kuu. Kama umeondoka, rudisha mapanga ya mkia peke yake, jaribu tena. Ukirudi hapo, umempata. Kama bado hauji, makosa yako kwenye kichwa au mapanga makuu.

Shafti iliyopinda ndiyo ugonjwa wa kawaida baada ya kuanguka, hata kuanguka kule unakosema "haikuumia." Itoe shafti kuu, iviringishe juu ya kioo cha dirisha au kioo cha meza, halafu chuchumaa macho yako yawe sawa na kioo. Mwanga ukipenya na kufungwa chini yake kila inapozunguka, imepinda. Fanya hivyo hivyo kwa ile shafti nyembamba inayopita ndani ya kichwa na kushika panga huku na huku. Hii ya kichwa naibadilisha kila mara panga linapogonga ardhi, bila hata kuipima. Bei yake ni ndogo, na ikipinda kidogo inakula beringi za vishikio vya mapanga. Kuinyoosha kwa nyundo ni kutwanga maji.

Mapanga yenyewe yapimwe uzito. Yafunge mawili pamoja kwa bolti moja katikati, laza bolti juu ya bilauri mbili za ukubwa sawa, yakae kama mizani. Linaloshuka ni zito. Bandika utepe mwembamba kwenye lililo jepesi, kipande kwa kipande, mpaka yalale sawa. Kabla ya hapo, yakiwa bado hayajafungwa pamoja, lilaze kila moja juu ya penseli utafute pointi yake ya katikati ya uzito. Kama pointi hizo zimepishana, bandika kwanza utepe kwenye ncha au kwenye shina mpaka zilingane, ndipo uje kwenye bilauri. Watu wengi wanaruka hatua hii ya penseli, halafu wanashangaa mapanga yamesawazishwa lakini bado yanatikisa.

Tena bolti za mapanga zisikazwe kufa. Ukiilaza helikopta ubavu, mapanga yabaki yamenyooka. Ukiitikisa kidogo, yaanguke. Likikazwa moja zaidi ya jingine, moja litachelewa kunyooka na kichwa kitarukaruka wakati wa kuanza. Hiyo hupona kwa dakika moja na bisibisi.

Zikibaki beringi, usiangalie kwa macho, sikiliza kwa vidole. Itoe beringi, ichomeke kwenye kijiti cha meno kilichochongwa, izungushe karibu na sikio. Nzima inateleza kimya kama imelowekwa. Mbovu ina punje: unahisi kitu kama chembe ya mchanga kinapita, kinapotea, kinapita tena mahali pale pale. Hapa Malindi beringi haifi kwa uzee, inakufa kwa hewa. Wakati wa kusi, upepo unapiga kutoka baharini kutwa nzima, na hata nyumba iliyo mbali na ufuo kioo chake cha dirisha kinanata. Chumvi hiyo hiyo inaingia kwenye beringi na kuvuta unyevu usiku. Nikirudi kutoka Mambrui nafuta helikopta kwa kitambaa kilichonyunyizwa spiriti, naitia beringi za mkia tone moja la mafuta ya cherehani, na naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na mchele uliokaangwa ukakauka, kwenye kitambaa. Beringi zangu zimedumu zaidi tangu nilipoanza.

Ukinunua beringi, usitafute jina la helikopta. Pima kwa kalipa tundu la ndani, upana wa nje na unene, halafu ulizia kwa vipimo hivyo. Ni beringi zile zile na bei ni tofauti kabisa.

Mapanga mawili yanapita njia mbili

Hili linaonekana. Bandika utepe mwekundu kwenye ncha ya panga moja, mwache mwenzako arushe, wewe simama mbali, macho yako usawa wa kichwa cha helikopta. Ukiona mistari miwili, wekundu juu au chini, mapanga hayafuatani. Tua, zima, chomoa betri.

Dawa iko kwenye kiungo cha gololi cha fimbo inayotoka kwenye sahani kwenda kwenye kishikio cha panga. Fimbo ikirefuka, kwenye helikopta nyingi pembe ya panga inaongezeka na panga linapanda. Kama kichwa kinazunguka taratibu kuliko kawaida, punguza pembe ya panga la juu. Kama kinazunguka kasi kuliko unavyotaka, ongeza pembe ya panga la chini. Zungusha kiungo mzunguko mzima mmoja kwa wakati, kwa sababu viungo vingi vina uso wa kuingilia, na ukikibana kinyume kitakwama kwenye gololi. Rudia mpaka mistari iwe mmoja.

Kama jana yalikuwa sawa na leo hayako sawa na hujagusa kitu, usizungushe chochote. Kiungo kimelegea, panga limepasuka karibu na tundu la bolti, au shafti ya kichwa imepinda. Kurekebisha fimbo juu ya panga lililopasuka ni jambo linaloweza kumuumiza mtu.

Mkia

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa zaidi. Mkia una dalili nne, na kila moja ina njia yake.

Mkia unatingisha haraka, mfululizo, kama mbwa aliyefurahi. Mara nyingi ukali wa jairo, yaani nguvu inayojibia kila mtikisiko, umezidi. Ushushe pointi chache kwenye rimoti na uangalie. Ukitulia, ni hapo. Lakini kama umeshusha mpaka chini na bado unatingisha, au ukitulia kwenye kuelea tu na kuanza tena kwenye mwendo, jairo haina kosa. Kuna mchezo mahali: kiungo cha gololi kimechakaa, mkono wa sevo una tundu lililopanuka, kitelezi kinachosukuma mapanga ya mkia kinacheza juu ya shafti, au beringi kama zile za yule kijana. Shika kila kiungo kati ya sevo na panga, kimoja kimoja, ukitikisa. Utakipata.

Mkia unatingisha polepole, kushoto kulia, kama anayetafuta njia. Hapa kinyume chake: kuna kitu kizito. Kitelezi kinakwama. Ondoa kiungo kwenye mkono wa sevo na usogeze fimbo kwa kidole. Inatakiwa iende kwa uzito wake wenyewe ukiinamisha boriti ya mkia. Ikikwaruza, safisha shafti ya mkia kwa spiriti, kaushe, weka mafuta membamba kiasi cha kulowesha tu. Grisi usiweke. Kwenye mchanga wetu grisi inageuka msasa. Kagua pia vishikio vya fimbo kwenye boriti. Kimoja kikiwa kimepinda, fimbo inakwama hapo.

Mkia unaelea taratibu upande mmoja. Kwanza jiulize jairo iliwashwa wapi. Inapowashwa inapima kutulia kwake, na kama helikopta ilikuwa ikitikiswa na upepo au ulikuwa bado umeishika mkononi, inajifunza uongo na inauamini safari nzima. Iweke chini, ikinge kwa mwili wako upande wa kusi, chomeka betri, ondoa mkono, subiri mpaka taa isimame. Tena kama imetoka kwenye gari lililofungwa juani, iache kivulini dakika kadhaa kwanza, kwa sababu jairo inayopoa au kupata joto inaelea. Sababu ya tatu ni mtetemo. Mtetemo mwembamba ukiingia kwenye jairo, inaona mwendo ambao haupo. Angalia sponji yake ya gundi kama haijakauka, na angalia waya zake. Waya uliovutwa ukakakamaa ni daraja la mtetemo kutoka kwenye fremu hadi ndani ya jairo. Ulegeze, uupe mkunjo mdogo.

Mkia unageuka ghafla ukipanda kwa nguvu. Watu wanasema "jairo imeshindwa." Mara nyingi ni mzunguko uliopungua. Ukiongeza pembe ghafla, kichwa kinazama, na mkia nao unazama kwa sababu umefungwa nacho kwa mkanda, wakati huo huo mwili unataka kugeuka zaidi kwa sababu ya nguvu ya mota. Angalia betri kwanza. Kisha angalia kama kitelezi kinafika mwisho wa safari yake pande zote bila kugonga. Mwisho mkanda: ukilegea utaruka meno na utausikia, trrr, kwenye kupanda. Kaza mpaka ukibonyezwa kwa bisibisi kupitia tundu la fremu unazama kidogo tu na kurudi. Ukikazwa sana unakula beringi za mkia na mota inapata joto bila sababu.

Kwa aliyetoka kufungua mkia wote: mkanda ukisokotwa upande usio wake, mapanga ya mkia yanazunguka kinyume. Na kabla ya kurusha, shika helikopta mkononi ikiwa haina waya za mota, geuza pua ghafla kulia. Fimbo ya mkia lazima iende upande ule ule inaokwenda ukisukuma usukani wa rimoti kushoto. Kama inakwenda kinyume, itajizungusha kama pia sekunde ya kwanza ikiinuka. Badilisha mwelekeo kwenye jairo, si kwenye rimoti.

Na jambo linalowatisha wapya: jairo ikiwa kwenye hali ya kushika uelekeo, ukigusa usukani mezani sevo ya mkia inakwenda na hairudi katikati. Huo si ubovu. Inasubiri mwili ugeuke, na mwili haugeuki kwa sababu uko mezani. Kutafuta katikati, weka jairo kwenye hali ya kawaida isiyoshika uelekeo, mkono wa sevo uwe nyuzi 90 na fimbo, halafu sogeza sevo kwenye boriti au refusha fimbo mpaka helikopta ielee bila kugeuka. Ndipo urudi kwenye kushika uelekeo.

Inaegemea na kwenda upande

Kama kichwa kinazunguka kwa njia ya saa na helikopta inaelea ikiwa imeinama kidogo kulia, iache. Panga la mkia linasukuma mwili wote kushoto, na huko kuinama ndiko kunakolizuia. Si ugonjwa.

Ikiwa inakwenda mbele au nyuma kila mara, au inapinduka ukiongeza pembe, tazama sahani. Weka kipini cha rimoti cha pembe ya mapanga katikati: mikono ya sevo zote tatu iwe nyuzi 90 na fimbo zake, na sahani iwe sawa. Halafu panda na ushuke taratibu. Kama sahani inainama upande mmoja ikipanda, sevo moja inasafiri zaidi ya wenzake. Punguza safari yake kwenye mipangilio. Tusikimbilie vipini vya kusawazisha kwenye rimoti. Kwenye helikopta isiyo na fimbo ya uzani kichwani, kibao cha jairo kinayahesabu marekebisho hayo kama amri ya kugeuka, na itaendelea kugeuka.

Mota inashtuka lakini haiwaki, au nguvu imekwisha

Mota inayotetemeka papo hapo, tik-tik-tik, bila kuzunguka, kwa kawaida imepoteza waya mmoja kati ya tatu. Vuta kila kiunganishi. Chumvi inakula shaba chini ya mpira wa kuziba, na ukiukata utaona kijani. Ondoa, kwangua waya mpaka ung'ae, lehemu upya. Kama haishtuki kabisa na kidhibiti mwendo kinalia, kipini cha mwendo hakiko chini kabisa, au kidhibiti hakijafundishwa mwanzo na mwisho wa kipini hicho kwenye rimoti hii. Ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili zozote za mota.

Ukisikia mota inapaa na kichwa hakipandi, beringi ya upande mmoja ndani ya gia kuu inateleza. Shika gia, zungusha kichwa: upande mmoja kiwe huru, upande wa pili kikamate mara moja. Kikiteleza pande zote, oshea beringi hiyo spiriti, na kama bado, ibadilishe. Ukisikia tak moja kila mzunguko, gia kuu ina jino lililovunjika.

Umbali kati ya gia ya mota na gia kuu naupima kwa kipande cha karatasi ya daftari. Kiweke kati ya meno, sukuma mota ikigusane, kaza, zungusha karatasi itoke. Itoke na mikunjo, isichanike. Ikichanika gia zimebanana na mota itaungua. Zungusha gia kuu mzunguko wote, maana nyingi si duara kamili, na pima pale zinapobanana zaidi.

Nguvu ikipungua dakika ya tatu, betri ndiyo ya kwanza kushtakiwa. Seli ikiwa imejaa ni volti 4.2. Betri ya seli tatu ikishuka chini ya volti 9.9 wakati helikopta iko kazini, imechoka. Kwa chaja inayopima ukinzani wa ndani, linganisha seli. Moja ikiwa mara mbili ya wenzake, ndiyo inayowaburuza. Mimi natumia asilimia 80 tu: kwa betri ya 2200 mAh ni 1760 mAh. Mota ikila wastani wa ampea 18, hizo ni takriban dakika sita. Nimeweka kengele ya rimoti dakika tano na nusu. Kama sitarusha kesho wala keshokutwa, naiacha kwenye volti 3.8 kwa seli. Betri iliyojaa na kuachwa kwenye joto letu inavimba, na iliyovimba hairudi. Nachajia ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga mkavu wa mtoni, kwenye ua, na siondoki. Mchanga wa ufuo una chumvi, usiutumie.

Ukitua, gusa haraka viunganishi vyote, waya kwa waya. Kile chenye joto kuliko wenzake ndicho kilicholehemiwa vibaya.

Sevo zinacheza zenyewe

Sevo moja ikitetemeka peke yake, ni sevo hiyo au plagi yake. Ibadilishe mahali na nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, ni sevo. Ukibaki mahali pake, ni waya au kipokezi cha rimoti. Kuna mtu aliyenunua kipokezi kipya kumbe pini moja ya plagi ilikuwa imeota kijani.

Zikicheza zote kwa pamoja, au taa ya kipokezi ikizimika na kuwaka, umeme wa sevo hautoshi. Vidhibiti mwendo vya bei nafuu vinashusha volti za betri hadi 5 kwa kugeuza ziada kuwa joto. Sevo nne zikivuta ampea 2 kutoka betri ya volti 11.1, hapo kuna wati 12 za joto ndani ya kisanduku kidogo kilichofungwa kwa mpira, mchana wa Februari. Kikizidiwa kinakata, na helikopta inaanguka bila kukuaga. Nimepoteza moja hivyo, imepanda vizuri, halafu ikawa jiwe.

Kuboresha

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachomshauri mtu kununua, baada ya helikopta kuwa nzima, ni kishusha volti cha kando, kile kinachokata na kuunganisha umeme haraka badala ya kuuchoma. Ni kidogo, hakionekani, hakuna atakayekisifu. Cha pili ni sevo nzuri ya mkia yenye kasi. Cha tatu mapanga: ya mbao ni sawa kwa kujifunza kuelea, yanavunjika na kuokoa shafti. Ya kaboni yanashika upepo wa kusi vizuri zaidi lakini yakigonga yanapeleka pigo lote kichwani. Kichwa cha alumini nakiweka mwisho kabisa. Kinapendeza, lakini plastiki inayovunjika ni rahisi kubadilisha, na alumini iliyopinda kidogo hukujua inaweza kukutesa mwezi mzima. Kwenye chumvi pia, skrubu ya chuma ndani ya alumini inaota unga mweupe na kugoma. Kama utakifunga, kila skrubu itie tone la gundi ya buluu ya kushikia skrubu, na uifungue kila baada ya miezi michache.

Wengi wanataka kasi, wanabadilisha gia ya mota. Piga hesabu kwanza. Mota ya 3500 kwa volti 11.1 inatoa mizunguko 38,850 kwa dakika bila mzigo. Kwa gia ya meno 12 na gia kuu ya 150, gawanya kwa 12.5: ni 3108 kichwani kwa hesabu, na hewani utapata pungufu, karibu 2600. Kwa meno 13 ni 3367, na kwa meno 11 ni 2849. Jino moja kutoka 12 hadi 13 linaonekana dogo, lakini kwa pembe ile ile nguvu inayohitajika inapanda kwa mchemraba wa kasi, karibu asilimia 27 zaidi, na mvuto kwenye bolti za mapanga unapanda kama asilimia 17. Betri ya dakika tano na nusu itakuwa ya dakika nne na kidogo. Kwa anayejifunza kuelea wakati wa malelezi, upepo umelala, mimi ningemrudisha kwenye meno 11.

Kupima kasi halisi hakuhitaji mashine. Weka simu yenye programu ya kupimia sauti ya gitaa kwenye tripodi, mita kadhaa kutoka helikopta, iruke mahali pamoja, na usome masafa ya mngurumo mnene wa chini. Mapanga mawili yanapita mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo zidisha masafa kwa 30. Ukisoma hezi 87, kichwa kinakwenda 2610 kwa dakika. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha helikopta, pamoja na tarehe na gia uliyotumia. Siku mota itakapoonekana imechoka, pima tena na ulinganishe kabla hujafungua skrubu yoyote.